Chakula cha Angani Nilichokikataa

Kila nikisikia mkanda wa gari ukifungwa, ule mlio mfupi wa chuma kuingia ndani ya chuma, masikio yangu hupata moto kwa aibu. Juzi nilipewa lifti kutoka Karatu kwenye gari la watalii, dereva akaniambia nifunge mkanda, nikacheka peke yangu hadi akanitazama mara mbili. Sikumweleza. Nawaeleza ninyi, ingawa aya hii nimeshaiandika mara nne na bado hainiridhishi.

Nilikuwa na miaka kumi, katika ile miaka ya themanini ambayo sabuni ilikuwa habari njema. Tuliishi Oldeani, baba akiwa karani wa shamba la kahawa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena, na shangazi Martina, dada yake baba aliyeolewa Nairobi, akaomba niende kwake likizo. Baba alinipeleka kwa basi. Kurudi, nilipangiwa ndege, maana mume wa shangazi alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege, na kazini walimpa tiketi moja ya bure kwa ajili ya ndugu.

Kabla sijaondoka, habari ya ndege ilizua ugomvi barazani kwetu. Jirani yetu Mama Paskali alishikilia kwamba watu hawali huko juu, kwa kuwa ndege ikiinama chakula hurudi kooni. Bibi, mama yake baba, akasema wanakula vizuri tu. Nikaitwa.

"Wewe ndiye shahidi wangu," Bibi akaniambia. "Niletee chakula cha angani, hata kipande kama ukucha. Nitakaa hapahapa nikusubiri."

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa. Nikitumwa chumvi nilikuwa nikiimba "chumvi, chumvi" njia nzima nisije nikasahau. Kwa hiyo likizo nzima, katikati ya maghorofa na maziwa ya pakiti, niliimba moyoni: chakula cha angani, chakula cha angani.

Siku ya mwisho shangazi alinikalisha chini kati ya magoti yake anisuke. Nyumba ilinukia mafuta ya nazi na mkate wa kuokwa.

"Si ubaki tu?" akasema. "Shule iko hapo nyuma ya duka. Nitamwandikia kaka barua."

Nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa umeshakubali kabla ya kichwa. Lakini mdomo ukajibu, "Siwezi, shangazi. Bibi amenituma."

"Amekutuma nini?"

"Chakula cha ndege."

Shangazi alicheka sana. Halafu akaendelea kusuka huku akivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ndani ya ndege nilikalishwa karibu na mzee mmoja mnene wa Arusha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akihema. Dada wa ndege alikuja akanibana kwenye kiti kwa utepe mpana. Nilidhani ni kamba ya watoto, kama tunavyofunga ndama wasitangetange. Kisha sauti ikatoka juu ya vichwa vyetu: "Abiria, tafadhali fungeni mikanda."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo elimu iliponiponza. Mtoto asiyejua kitu angetazama kiuno chake. Lakini mimi nilijua. Redio ya baba ilikuwa ikisema kila jioni: hali ni ngumu, wananchi tufunge mikanda. Mwalimu alitueleza maana yake ni kula kidogo na kujinyima bila kunung'unika. Niliandika insha juu ya jambo hilo nikapata alama zote isipokuwa moja, iliyopotea kwa sababu niliandika "mukanda". Alama ile ilikuwa inaniuma bado. Basi nikajiambia: tunarudi nyumbani, tumeanza kukumbushwa.

Ndege iliruka, tumbo langu likabaki Nairobi. Punde dada akaja na visanduku vidogo vya karatasi. Harufu ya mkate na jibini ilipanda puani, na ndani niliona keki yenye zabibu.

"Karibu, mrembo."

Mate yalinijaa. Nilimwona Bibi barazani. Kisha nikaisikia ile sauti ya juu.

"Hapana, asante. Tumefunga mikanda."

"Ukiwa umefunga unaweza kula tu."

Nikamhurumia. Mtu mzima, sare safi, na hakujua maana. "Haiwezekani, dada," nikamwambia kwa upole.

Mzee wa pembeni alishatafuna cha kwake. "Na wewe babu," nikamuuliza, "hujafunga?"

Akapiga tumbo lake. "Mjukuu wangu, nimejaribu. Wangu haufiki."

Sikuwahi kusikia mtu mzima akikiri udhaifu wake waziwazi hivyo. "Basi hicho usikirudishe," akamwambia dada, akapokea na sanduku langu. Alikula keki yangu polepole, akilamba vidole, nami nilitazama mawingu kwa machozi ya uzalendo.

Hata hatujakaa sana, sauti ikarudi: "Tunakaribia kutua. Fungeni mikanda." Watu wakahangaika kwenye viti vyao. Nikajua tu: wameonekana walivyokula, sasa wanaonywa mara ya pili. Nilikaa wima, mimi peke yangu nisiye na hatia ndege nzima.

Baba alinipokea kwa Landrova ya shamba. Tulipomaliza kupanda mlima wa Mto wa Mbu nilimweleza, naye akasimamisha gari ili acheke vizuri. Ndipo nilipofahamishwa kazi ya ule utepe. Nililia kutoka hapo, Karatu yote, hadi Oldeani. Sikuwa mzalendo. Nilikuwa mjinga niliyeshindwa kutumwa.

Bibi alikuwa barazani, na Mama Paskali ubavuni mwake.

"Kiko wapi?" Mama Paskali akawahi.

"Sikuleta," nikasema. "Nilikataa."

Mama Paskali akapiga makofi. "Si nilisema? Hawali!"

"Ngoja wewe," Bibi akasema. "Mwanangu, kililetwa?"

"Kililetwa, Bibi."

"Mpaka mkononi?"

"Mpaka hapa."

Bibi akamgeukia jirani yake taratibu. "Umesikia? Mjukuu wangu amepewa chakula cha angani, akakataa. Wa kwako amewahi kukataa nini?"

Mama Paskali akaomba maji. Bibi akanishika mkono, na hakuuachia hata ugali ulipoiva. Nilikula kwa kushoto, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe baba aliponisimulia lile ambalo sikulijua. Shangazi Martina naye aliondoka msichana, kwenda Nairobi kusalimia kwa wiki mbili. Mpaka ukafungwa, akaolewa hukohuko, miaka ikapita. Bibi hakumlaumu yeyote ila nafsi yake. Alikuwa akimwambia baba, "Yule nilimwacha aende hivihivi. Sikumtuma kitu."

Mimi alinituma. Na mkate wenyewe, Bibi hakuwahi kuupenda maisha yake yote. Alisema ni kama kutafuna godoro.