Mwalimu Plasta

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Kimamba hata nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Kilosa. Wiki iliyopita fundi alikuja kuziba ufa wa jikoni. Alipoanza kukoroga mchanga uani, nilijikuta nimeshika kifundo cha mkono wangu wa kushoto kama mtoto aliyeumizwa. Ngoja niwaeleze.

Shule yetu ilikuwa na ghorofa. Msinicheke, Kimamba ya siku zile ilikuwa reli, mabaki ya mashamba ya mkonge na nyumba za bati, na watu walikuja kwa baiskeli kulitazama. Lilikuwa na madirisha mapana ya vioo, paa bapa, na ngazi moja tu, nyembamba, iliyojipinda kwa nje. Aliyelichora alipenda sana hewa na mwanga, ila nadhani hakuwahi kuona watoto wa darasa la nne wakisikia kengele ya uji.

Halikukaa sana likapasuka. Udongo wa pale ni mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hunywea, na ghorofa likawa linacheza nao. Ufa mkubwa ulipita nyuma ya darasa letu, kule juu. Fundi akaja akabandika viraka vya plasta juu yake. Sisi tukacheka kwamba ukuta umetoka zahanati kufungwa kidonda. Kumbe viraka vile havikuwa dawa. Kimoja kikikatika, maana yake ukuta bado unatembea, na watu watoke.

Aliyeambiwa hivyo ni mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Mwanaidi. Shuleni nilimwita Mwalimu, nyumbani nilimwita mama.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, alikuwa akipita kati ya madawati akisahihisha hesabu. Alipofika nyuma tukasikia mlio mdogo, kama kijiti kimevunjwa. Akautazama ukuta. Alipotugeukia uso wake ulikuwa uleule, lakini chaki ilikuwa imekatika mkononi mwake.

"Leo tuna mchezo," alisema. "Vueni viatu, mvishike mkononi. Tunashuka mstari kwa mstari, kimyakimya. Nitakayemsikia nyayo, anarudi juu."

Akaanza na mstari wa nyuma, wa ukutani. Mimi nilikaa mbele kabisa, jirani na mlango, nikasimama nitoke.

"Wewe kaa," akasema bila kunitazama.

Wenzangu wakanipita, viatu mikononi, wakijizuia kucheka. Shabani wa dawati la nyuma yangu akaninong'oneza, "Mama yako leo kakununia." Kiraka kingine kikakatika. Vumbi la saruji likachuruzika hadi sakafuni, na hapo nikaogopa kwelikweli.

"Mwalimu," nikaita.

"Kaa, Zuhura."

Mstari wangu uliitwa mwisho, na mimi nikawa wa mwisho katika mstari. Darasa lilipobaki tupu, mama alinidaka kifundo cha mkono, akanibana hadi nikalia, tukashuka.

Ghorofa halikuanguka. Hiyo ndiyo ikawa taabu ya mama. Lilifungwa, tukasomea chini ya turubai, tukinyeshewa na kula vumbi, na wazazi wakasema mwalimu mwoga kawanyima watoto wao ghorofa. Wakambandika jina, Mwalimu Plasta, likamfuata hadi sokoni. Mimi niliona aibu, na moyoni nilikuwa na langu: mama aliwatoa watoto wa wenzake, mimi akaniacha. Niliumia nalo miaka mingi, hata baada ya kuzaa.

Ghorofa bado lipo, limeinama kidogo, juu wanalala popo na chini watu huanika mahindi.

Fundi wa jikoni kwangu alipoondoka nilichukua bodaboda hadi Kimamba. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba, nikakaa.

"Mama, siku ile kwa nini mimi wa mwisho?"

Hakuuliza siku ipi.

"Ngazi ilikuwa moja," alisema. "Ningekutoa wewe kwanza wangeshtuka, wangekanyagana. Walikuona umekaa, wakajua kama mwalimu kamwacha mwanawe, basi hakuna neno."

"Na kama ukuta ungeanguka?"

Alinyoosha mkono, akanishika kifundo kilekile, akakibana, na safari hii sikutaka aniachie.