Nilimpandisha mtoto kutoka Korosho kwenda Ndizi, nikajikuta kwenye mirathi

Wakuu, heshima kwenu. Walimu wenzangu vuteni viti, wazazi msikimbie. Hii imenikuta mwenyewe na chumvi sijaongeza, iliyokuwemo ilitosha.

Mimi kwetu Bukoba. Nafundisha darasa la tatu kijiji kimoja upande wa Mahurunga, huku kusini kwenye mikorosho.

Darasa langu lilikuwa mchanganyiko. Wengine wanaandika kama makarani, wengine neno "mbwa" linawatoa jasho. Imla moja kwa wote ilikuwa uonevu.

Nikagawa makundi matatu, kila kundi na maneno yake. Siku ya test natamka neno la kundi hili, la lile, la lile, nazunguka hivyo mpaka mwisho. Anayepata yote anapanda, anayeboronga kabisa anarudi kwa wanaoanza.

Sikutaka kuwaita wanaojua na wasiojua, watoto nao wana roho. Nikawapa majina ya vyakula.

Wakali: Ndizi. Wa kati: Muhogo. Wanaoanza: Korosho.

Watu wa kusini mmeshaanza kucheka, nawaona.

Kwetu ndizi ndiyo heshima ya nyumba, bwana! Nilidhani nawapa cheo.

Test iliyofuata magenius wangu wote wakafeli. Mtoto anayeandika "ng'ombe" huku anaangalia dirishani, kaandika madudu. Na anatabasamu! Korosho ikafurika, madawati hayatoshi. Ndizi akabaki mtoto wa polisi peke yake, mgeni kama mimi.

Roho iliniuma kwa Somoe. Huyu alikuwa anaanza kweli, yatima wa baba, nilikuwa nakaa naye herufi kwa herufi. Sasa kwenye lile soko simfikii.

Pamoja na fujo zote, siku moja akapata yote. Kwa furaha nikamrusha moja kwa moja mpaka Ndizi, angalau mtoto wa polisi apate mwenzake.

Akaangua kilio.

Kesho yake mama yake huyo, kanga kaifunga kiunoni.

"Mwalimu, mwanangu kakukosea nini?"

"Mama Somoe, amefaulu!"

"Kafaulu nini na umemtoa kwenye korosho? Baba zake wadogo wanamnyima mikorosho ya marehemu. Jana wamesema, mnaona, hata shule imejua mtoto huyu hana fungu. Hizo ndizi nikapande wapi?"

Nikakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji kumweleza kwamba hili ni jambo la imla tu. Akanisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, halafu akauliza mjukuu wake yuko kundi gani.

Jumatatu nikafuta majina yote. Sasa ni Mche, Maua, Korosho. Korosho juu.

Magenius wakapona siku hiyohiyo.

Somoe alianzia Maua. Alihangaika muhula mzima, lakini Korosho kaingia kwa jasho lake. Mama yake akaja na wale mashemeji zake, akaomba mtoto aandike jina la marehemu baba yake ubaoni.

Akaandika. Herufi zote zipo. Nilijifanya nafuta chaki machoni.

Mama akawageukia: "Haya, semeni tena hana fungu."

Mmoja alivua kofia.

Nilichojifunza: kabla hujampa mtoto cheo, ulizia kwanza wenyeji wanaita kipi cheo.

Ila wakuu nisaidieni. Jana mzazi kaja analalamika mwanawe amekwama Maua muda mrefu, anataka kujua kama nimempulizia salfa, ile dawa ya kufanya maua ya mkorosho yashike.

Wakulima wa korosho mliomo humu, nimjibuje?