Anakula Ugali wa Ngumi Yake Mezani Kwangu

Admin, nifichie jina, maana hapa Ipagala nikikohoa tu watu wanajua ni nani. Wajukuu, marahaba, najua hamjaniamkia. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, shule niliishia darasa la nne, na haya naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mvumilie. Nina mke mmoja, tuko pamoja miaka arobaini na moja. Na nina wivu. Cheka wewe, lakini nina wivu mpaka nakosa pa kukaa.

Ilianzia kituo cha afya mwaka jana. Walinitoboa kidole, nesi akatazama kimashine chake akasema, "Babu, kisukari hakijakushika bado, ila kiko mlangoni. Ukirekebisha sahani yako, huenda usihitaji dawa." Akatuambia wazee wote wa benchi ile tukunje ngumi. Ugali wa mtu usizidi ngumi yake. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Chai bila sukari, na soda tuiage. Mke wangu alinisindikiza siku hiyo, na hilo la ngumi alilishika kuliko kiapo cha ndoa. Kila mlo ni, "Baba, weka ngumi." Naikunja, naiweka kando ya sahani, anakata ugali wa uwele kwa mwiko kufuata kipimo, halafu ananisogezea mlenda bakuli zima. Sasa mimi Mungu alinipa mikono ya kushonea vifungo. Ngumi yangu ni kama yai la bata.

Kwenye benchi ile alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa serikali, mtu wa kuja, nyumba yake iko nyuma ya kwetu. Mjane. Naye aliambiwa kiko mlangoni. Mke wangu kwa huruma zake akamuuliza, "Shemeji, nyumbani unakula nini?" Akajibu, "Mkate na soda, shemeji. Kupika sijui." Wiki haikuisha, mchana nakuta viti vitatu mezani kwangu.

"Haya shemeji, na wewe weka ngumi."

Jamani, yule bwana aliweka tofali! Kilichokatwa pale hakikuwa ugali, kilikuwa kichuguu. Nikasema, "Mama, hiki kipimo kina upendeleo." Mke wangu akanijibu, "Nesi alisema kila mtu na ngumi yake. Ulitaka nikukatie kwa ngumi ya mwenzio?" Wakacheka. Walicheka wote wawili, kwa pamoja, na mimi nikabaki natafuna mlenda, kitu ambacho hakitafuniki.

Tukarudi kupima. Sukari ya yule mstaafu imeshuka vizuri sana. Mke wangu alipiga vigelegele mle koridoni mpaka watu wakadhani kuna aliyejifungua. Yangu nayo ilishuka kidogo. Mimi nikaambiwa, "Haya." Haya! Miaka arobaini na moja, haya! Tangu siku hiyo kila kitu ni shemeji. Shemeji anatembea kila asubuhi, shemeji ameacha sukari bila kununa, tazama shemeji alivyo mwepesi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mchana tukishakula nikawa naaga, eti nina kikao cha kata. Kikao changu kilikuwa kwa mama mmoja wa maandazi, barabara ya kwenda Msalato. Maandazi manne, na chai ambayo ukisimamisha kijiko hakianguki. Nilikuwa nakula kwa hasira, si kwa njaa. Kila andazi nilikuwa namtafuna yule mzee.

Mwezi uliopita nikapimwa, imepanda. Nesi akauliza, "Babu, unakula nini?" Kabla sijafungua mdomo mke wangu akanitetea: "Anakula ngumi yake tu, nesi, nampimia mimi mwenyewe!" Tulipofika nyumbani akalia. Anasema labda anakosea kupika, labda uwele ule haufai. Sasa anachambua unga mara mbili, anaamka mapema kwenda kunitafutia mchicha. Nami kiu haikatiki, chooni naenda kila saa, na macho yanaanza kuona ukungu. Namtazama anavyohangaika, nanyamaza.

Alhamisi niko kwenye kikao changu, andazi la tatu mdomoni, kivuli kikasimama mbele yangu. Yule mstaafu.

"Kaka, hii mara ya tatu nakuona hapa."

Nikamwambia, "Wewe unakula kichuguu kwangu, sasa umefuata na andazi langu?"

Hakucheka. Akakaa. Akasema, "Marehemu mke wangu alikuwa hivihivi, kiko mlangoni. Alikuwa anakula kwa siri, mimi najua, nanyamaza ili tusigombane. Kikaingia. Safari hii sinyamazi, kaka. Mwambie shemeji mwenyewe. Ukifika siku ya kipimo hujamwambia, namwambia mimi."

Kipimo ni Jumatatu.

Nikinyamaza, atasema yeye, na atapigiwa vigelegele vya pili. Nikisema, mke wangu ataniuliza kwa nini, na jibu ninalo moja tu, nalo linanitia aibu kuliko maandazi yenyewe. Msinishauri nimfukuze mezani. Nililiwaza hilo usiku na mchana, na ningelifurahia sana, lakini atarudi kwenye mkate na soda, na mimi mwivu, si muuaji.

Kwa hiyo nyie mliosoma, nielekezeni kitu kimoja tu kabla ya Jumatatu. Ya maandazi nitayasema mwenyewe. Lakini mwanaume wa umri wangu anaanzia wapi kumwambia mke wa miaka arobaini na moja kwamba bado anamwonea wivu?