Jogoo wa Msukuma

Wajukuu wakiniuliza nchi hii ilizaliwa wapi, wanategemea nitaje uwanja mkubwa na bendera. Mimi huwaambia ilizaliwa Ibaba, jikoni kwa mama mkwe wangu, nyuma ya ukuta wa mianzi, na mimi nilikuwepo nikichambua maharage. Wanacheka. Nawaacha wacheke, maana wao hawakuwahi kuishi na baba mkwe wasiyeruhusiwa kumtazama.

Kwetu Undali, zamani hizo, mke wa mtoto na baba mkwe walikuwa hawakutani. Nikimwona anakuja njiani, naacha njia, naingia shambani mpaka apite. Simtazami usoni, simtaji jina, sili mahali alipo, na akisema neno simjibu. Anayejibu ni mama mkwe. Mimi nilikuwa msichana niliyesoma shule ya misheni, mdomo wangu haukujua kupumzika, na nikaolewa kwenye nyumba ambamo nusu ya maneno yangu ilibidi yapitie kinywani mwa mwanamke mwingine. Ilinichosha kuliko jembe.

Mume wangu alikaa nami mwaka mmoja, kisha akashuka Tunduma ili avuke mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, kama vijana wote wa milimani. Hakuvuka. Pale Tunduma alikuta meza, mzungu, karani, na vijana wenzake wamepanga mstari. Naye akajipanga. Hakuuliza mstari ni wa nini, kwa kuwa mtu wa kwetu akiona mstari huona aibu kuubeza. Alipofika mbele akapimwa kifua, akakaguliwa meno, na jioni yake alikuwa askari wa Mwingereza. Ndivyo alivyokwenda kupigana Burma.

Zilikuja barua tatu. Mume wangu hakujua kuandika. Aliandikiwa na rafiki aliyelala naye hema moja, Msukuma, ambaye herufi zake zililala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Aliandika kwa Kiswahili, na hapo ndipo kichekesho kilipoanzia. Mama mkwe Kiswahili hakukijua. Baba mkwe alikijua vizuri, alikiokota alipokuwa mpagazi kwenye vita vya Mjerumani, lakini mimi sikuruhusiwa kumsomea. Basi yeye alikaa nje kwenye kigoda, ameegemea ukuta. Mimi nilikaa ndani, karatasi nimeisogeza kwenye upenyo wa mianzi nipate mwanga. Nilisoma Kiswahili, naye akasikia na kuelewa. Nikamgeuzia mama mkwe kwa Kindali, baba mkwe akasikia tena na kuelewa tena. Kisha mama mkwe akageukia ukuta na kumwambia mumewe yale yale, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Hapo tu ndipo mzee aliposhtuka na kusema, "Kumbe?"

Barua ya kwanza ilieleza meli. Mume wangu alitapika siku saba, na Msukuma alimshika mkanda asije akadondokea majini. Ya pili ilieleza kwamba Msukuma humgawia samaki wake wa kopo. Mama mkwe hakujua samaki wa kopo ni kitu gani, lakini kugawiwa alikujua. Siku ile ile alikwenda bandani akamchagua jogoo mwekundu asiye na manyoya shingoni, akatangaza kwamba huyo ni wa Msukuma. Akija na mwanangu atakula huyu, alisema, na mtu mwingine asimguse.

Barua ya tatu ilisema hivi: "Hapa kila mtu anauliza umetoka wapi. Nikasema Ibaba, wakacheka. Nikasema Undali, mmoja akauliza kama ni ugonjwa. Rafiki yangu akaniambia, sema Tanganyika, maneno yaishe. Nasema Tanganyika, na kweli yanaisha."

Maneno yalipomaliza safari yao ya mizunguko mitatu, baba mkwe akauambia ukuta, "Mwulize huyo mwanao, tangu lini mtu akazaliwa na ziwa."

Nilicheka mpaka nikapiga kuni teke, kaa la moto likaruka mekoni na kutua juu ya barua. Nililikung'uta upesi, lakini lilikwisha kutoboa tundu katikati ya ukurasa.

Kisha barua zikakoma. Kila Jumapili baada ya ibada nilimwuliza mwalimu wa misheni, aliyepokea barua za kijiji kizima, naye akatikisa kichwa. Mavuno yakapita, tukapanda tena. Mama mkwe akawa anaugusa ugali tu, kisha anausogeza upande wangu. Nje, kigoda kikilia kidogo, sauti ya mzee iliuuliza ukuta, "Leo je?" Jumapili moja nilimwona mama mkwe akishika nguzo ya nyumba ili aweze kusimama, mwanamke aliyekuwa anapandisha mlima na mzigo wa kuni bila kuhema. Mdomo wangu ukatangulia.

"Leo ipo," nikasema.

Nilichukua ile ile ya tatu, nikaisogeza kwenye upenyo, nikasoma mambo yasiyoandikwa. Nilijua nikigundulika nitarudishwa kwa wazazi wangu kama mwongo, na ng'ombe wa mahari watadaiwa. Na kama mume wangu amekwisha kufa, basi nilikuwa nachezea jina la marehemu mbele ya mama yake. Hilo la pili liliniogopesha zaidi, kwa sababu nilimpenda yule bwana, japo nilikaa naye mwaka mmoja tu.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Nilisema wanakula wali na nyama kila siku, wanalala vitandani, na mfalme alipita akawapa mkono. Mama mkwe alitangaza yote hayo kwa ukuta, akaongeza mwenyewe kwamba mfalme alimsifu mwanawe kwa urefu. Jioni ile alikula ugali wake wote na nusu ya wangu.

Baba mkwe akasema, "Mwandikie mwanao hivi. Vita vyenye wali kila siku, na mimi niitwe."

Mwezi uliofuata nikaweka njaa. Mzee akasema, "Sasa kidogo amefika vitani. Lakini hajataja miguu. Askari asiyetaja miguu, huyo yuko wapi?" Mwezi uliofuata nikaweka miguu, imeoza vidoleni kwa mvua. Akaridhika, akaulizia chawa. Hivyo ndivyo nilivyosomeshwa vita, kupitia ukuta, na mtu niliyeamini kwamba namdanganya. Nilipata ujuzi. Nilimtengenezea mume wangu sajenti anayekoroma, nikamvusha mto akiwa ameshika mkia wa nyumbu, na Msukuma nikamwoza mke, mwalimu wa shule kwao, kwa barua, harusi ikisubiri amani. Mama mkwe alifurahi mno. Alimpelekea jogoo habari za harusi bandani.

Na kila barua ilihitaji majibu. Mzee alisema nje, mimi nikaandika ndani, karatasi ambazo sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Katika majibu hayo alisimulia ya kwake. Alisema Mjerumani alimtwika sanduku zito huko Mbozi, wakakimbia nalo kuelekea mpakani. Karibu na Tunduma Mwingereza akawakamata, akatazama kushoto na kulia, akamtwika sanduku lile lile, kichwa kile kile, akalirudisha Mbozi. "Mwambie sikuwahi kujua ndani mlikuwa na nini," alisema. "Na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Walijua tu kichwa changu ni cha sanduku." Tulicheka wote watatu, kila mtu upande wake.

Siku nyingine hakuchekesha. Alisema mpagazi aliyemtangulia mstarini alikuwa mtu wa Usambara, na alimfundisha Kiswahili kwa kutaja kila kitu walichopita. Jiwe. Mti. Mto. Kwenye kingo za mto Momba homa ikamlaza. "Nilimzika kwa mikono yangu. Sikujua kwao ni kijiji gani. Mama yake aliendelea kumngoja, na mimi nikarudi nyumbani, nikaoa." Nilimgeuzia mama mkwe kwa Kindali. Alikuwa mke wake zaidi ya miaka ishirini na habari hiyo hakuwahi kuisikia. Alisahau kuirudia kwa ukuta.

Vita vikaisha huko vilikokuwa. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo siku niliyokuwa natoka kisimani na mtungi, nikaona baba mkwe anapanda njia, na pembeni yake mtu mwembamba aliyening'iniza viatu shingoni. Nilimjua kwa kutembea kwake. Moyo wangu ukataka kukimbia kwake, miguu yangu ikafanya ilivyofundishwa, ikaniingiza kwenye mahindi. Sijawahi kuichukia mila kama dakika ile. Nao, kama waliotumwa kunikomoa, wakasimama hapo hapo.

"Kabla hujafika nyumbani, sikiliza," mzee alisema. "Umekuwa ukituandikia kila mwezi."

"Baba, sijaandika. Tangu barua ile ya tatu sikupata—"

"Umeandika, nami nilizisikia. Miguu yako iliugua, imepona. Ulivuka mto kwa mkia wa nyumbu. Sajenti wako anakoroma. Shika hayo, mama yako atakuuliza."

Mume wangu akamtazama baba yake kama anayetazama mgonjwa.

"Barua zote zina tundu moja la moto, mahali pale pale," mzee akaendelea. "Mkeo akiisogeza kwenye upenyo, naliona. Karatasi anayosoma ni moja tu, lakini maneno anayo. Mama yako yu hai kwa sababu ya tundu hilo. Usije ukamwaibisha." Kisha akakumbuka jambo. "Na yule rafiki yako harusi yake ni lini?"

Nilisikia viatu vikigongana vikiteremshwa chini.

"Alikufa, Baba. Wiki ya pili baada ya barua ile. Ndiyo maana barua zilikoma. Ni yeye aliyekuwa anajua kuandika."

Nilikaa chini kwenye mahindi na mtungi wangu. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemlisha mtu yule, nimemchekesha, nimemchumbia mke, naye alikuwa amelala kwenye udongo wa watu. Nililia, nikaziba mdomo kwa khanga. Mzee akageukia upande wangu, macho akiyaweka juu, kwenye vishada vya mahindi.

"Haya mahindi yametaabika vya kutosha," akasema. "Sisi tunatangulia."

Nyumbani mama mkwe alimshika mwanawe uso, mabega na miguu. Aliukagua mguu mmoja, akasema kweli umepona. Kisha akachungulia nyuma yake, njiani, akauliza, "Msukuma yuko wapi? Amechoka na mlima?"

Aliyemwambia ni baba mkwe. Alimwambia kwa Kindali, taratibu, bila ukuta. Mama mkwe alijifunga kitambaa kiunoni, akakaa chini, akaanza kuomboleza kama anavyoombolezewa mtoto wa tumbo lake, na majirani wakaja, kwa kuwa kilio kikisikika Ibaba watu huja kwanza, ndipo huuliza. Wakauliza ni nani amekufa. Wakajibiwa, Msukuma. Wengi wao hawakujua Usukuma uko upande gani, na walikaa nasi siku tatu.

Siku ya nne mzee alikaa kigodani, akauambia ukuta niandike. Mume wangu alikijua kijiji cha rafiki yake. "Mwandikie mama yake alivyokufa na alipozikwa. Asingoje. Na mwambie jogoo wa mwanawe yupo, akija mtu yeyote wa nyumba ile ni wake." Nilipomaliza nikamwomba mama mkwe amwulize mzee, barua niseme inatoka wapi. Mama mkwe akafungua kinywa arudie swali, lakini mzee alikwisha kulijibu.

"Ibaba hawataijua," alisema. "Andika Tanganyika."

Majibu hayakuja. Labda barua ilipotea, labda hapakuwa na wa kuisoma. Jogoo alizeeka, akafa kwa uzee, jambo lisilowahi kutokea kwa jogoo wa Ibaba. Mama mkwe akampa nafasi hiyo kifaranga wa jogoo huyo, kisha kifaranga wa huyo naye, wote shingo tupu, wote wa Msukuma.

Miaka ikapita, wakaanza kuja watu wa chama cha kudai uhuru. Mmoja wao alipanda mpaka kwetu akiwa amevaa kaptura iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya kanisa na kusema kwamba sisi wote, wa ziwani, wa pwani na wa milimani, ni watu wamoja. Alisema vizuri. Wanaume walikaa upande wao, sisi upande wetu, na mama mkwe alinivuta khanga kila baada ya sentensi nimgeuzie.

"Mwulize kwao wapi," akaniambia.

Niliinuka nikauliza. Yule bwana akatabasamu, akasema Usukuma.

Mama mkwe akaondoka katikati ya hotuba. Watu wakadhani ameudhika. Alirudi anahema, jogoo mwekundu shingo tupu kamshika mabawa, akapita kati ya wanaume bila kuomba njia, akamweka miguuni pa mgeni. Watu wakapiga makofi. Yule bwana aliguswa sana, akaanza kueleza jinsi akina mama wa Ibaba wanavyoelewa umoja. Mama mkwe akamkatiza, akasema neno kwa Kindali, akanitazama nimgeuzie. Upande wa wanaume niliona baba mkwe ameinamisha kichwa, na mume wangu amemshika mkono.

"Anasema umechelewa sana," nikamwambia.

Yule bwana akavua kofia. "Mtuwie radhi, mama," akasema. "Njia ya kuja huku ni mbaya."

Nikamgeuzia. Mama mkwe akalifikiria jibu hilo, akaona lina akili.

"Mwambie basi akae," akasema. "Maji yako jikoni."