Walii wa Binti Yangu Hataki Mama Yangu Akanyage Harusini

Admin, ukiweka jina langu hapa utanijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane, nakaa Majengo ya Pumwani, na leo nimejaa hadi hapa kooni. Sitaki pole ya mtu. Nataka msome hadi mwisho ndio muongee.

Nilizaliwa Murang'a, nyumba ya kanisa kila Jumapili. Nikapendana na kijana wa Majengo, nikasilimu, nikaolewa. Hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu, hilo mlijue kabla hamjaanza kuandika upuzi. Naswali, nafunga, na binti yangu Aisha (hilo si jina lake) alifundishwa herufi za kwanza za Kurani na mimi mwenyewe. Lakini kwa ukoo wa mume wangu mimi ni "yule wa Murang'a" hadi leo. Nami kwa ujinga wangu nikajikunja nitoshee. Wakitania Wakikuyu, watu wangu, sebuleni, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama yangu akitaka kuja Idi, namwambia nyumba imejaa. Aki nilikuwa mjinga.

Kisha mume wangu akafa. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Mnadhani ni nani kati ya hao mawifi na mashemeji aliyenishikia kibanda changu cha mboga? Hakuna hata mmoja. Ni mama yangu, Mkristo, mwenye goti bovu, aliyefunga nyumba yake Murang'a akaja kukaa nami. Alfajiri yuko sokoni, mchana yuko kibandani, jioni anampikia Aisha. Na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa akija "kutuangalia" saa ya chakula tu. Alikula mikononi mwa mama yangu eda nzima, akishiba anajipangusa mdomo na kuondoka.

Sasa Aisha amepata mchumba, kijana mzuri wa hapa hapa mtaani. Posa ilikuja, ikakubaliwa, ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nyama ya pilau nishaagiza soko la Burma. Kwa wasiojua, sisi msichana haozwi bila walii, mwanamume wa upande wa babake. Babake hayupo, babu yake alishatangulia, ndugu wa kiume Aisha hana. Amebaki nani? Huyo huyo mla vyakula.

Jumapili, baada ya Alasiri, akaja na mkewe. Sijamaliza hata kumimina chai, akasema, "Mama Aisha, wakwe zetu ni watu wa dini. Siku hiyo sitaki kuona watu wako hapa. Mke wangu ndiye atakayewapokea wageni kama mama wa bibi harusi. Wewe utakuwa jikoni na wapishi."

Nikamuuliza, "Na mama yangu?"

"Mzee yule akae kwao. Tutamtumia pilau."

Wueh! Mtu anayetumiwa pilau ni yule aliyetulisha msiba wote? Nikamwambia dini aliyosoma yeye hata mimi nimesoma, na hakuna mahali nimeambiwa nimfukuze mama yangu. Akacheka. "Basi tafuta walii mwingine."

Siku ya pili nikaenda kwa ustadhi wa madrasa. Akaniambia wazi kwamba walii akikataa bila sababu ya sheria, Kadhi anaweza kumwozesha msichana. Nikarudi kifua mbele, nikampigia shemeji simu, nikamwambia naenda kwa Kadhi. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nenda. Nami nitaenda kwa wakwe niwaambie ndugu yangu alikuwa mtu wa safari. Mtoto huyo ni wa nani, mimi sijui, nilikuwa nanyamaza tu."

Aisha ana pua ya babake, ana hasira za babake, hata kucha za miguu ni za babake! Huyo shemeji alimbeba siku anazaliwa akasema amefanana na mama yao. Leo anaweza kumtoa kwenye ukoo kwa sentensi moja, na watu watamwamini, kwa sababu yeye ni wao na mimi nilikuja na begi. Na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho bado kinanichoma. Nikasema, "Sawa, shemeji. Itakuwa unavyotaka."

Nilidhani Aisha atakasirika kama mimi. Mtoto aliyepikiwa na shosho yake, mama yangu, eda nzima akaniangalia, akasema, "Mama, usiharibu. Shosho ataelewa. Ni siku moja tu." Nilitaka kumzaba kofi. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo cha ploti, maana alichosema ndicho nilichokuwa nikisema mimi kila Idi.

Mama bado sijamwambia. Leo asubuhi amenipigia. Ameshonesha dera, mikono mirefu hadi kwenye vidole, fundi amemaliza jana. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeogopa mwalimu, "Na kichwani nifunge leso au mtandio? Nielekeze vizuri. Sitaki watu wakucheke kwa sababu yangu."

Nikamwambia mtandio.

Basi semeni nyinyi. Nimwendee Kadhi, huyo mwanamume aropoke, na Aisha pengine akose mume na asinisamehe kamwe? Au nimpigie mama yangu nimwambie dera alikunje, asije? Siku zinaisha. Na atakayeniandikia "subira" hapo chini, nitamtukana.