Siku Niliyotafsiri Mchezo Wetu Wenyewe

Mimi hutafsiri filamu. Kwenye kibanda cha video hapa kambini Nakivale nashika maikrofoni na kuwaeleza watu kwa Kiswahili kila kinachotokea, hata ambacho bado hakijatokea. Wananipendea hilo.

Mwezi uliopita kikundi chetu cha maigizo kilialikwa Mbarara, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamitanga. Mchezo ulikuwa wa kuchekesha, juu ya siku zile filamu zilipoanza kutoa sauti. Deo aliigiza staa wa filamu bubu mwenye sauti ya kifaranga. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na maikrofoni na kumsemea kwa siri, mpaka siri ifichuliwe mwishoni.

Mama Furaha, kiongozi wetu, alinionya: "Papa Amani, usiongeze hata neno moja. Hapa si fasi ya video, ni ukumbi wa maigizo."

"Mama, leo mutaona muigizaji," nikamjibu, na nilimaanisha.

Onyesho la kwanza nilijikaza kweli. La pili, Deo akampigia magoti mchumba wake, ukumbi ukanyamaza, na ulimi wangu ukaondoka wenyewe. "Bandugu, huyu dada anadanganywa. Sauti si ya huyu kijana, ni yangu. Niko huku nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Nikadhani nimewapata, nikaendelea huku nachungulia kwenye tundu la pazia. "Sasa staa amekasirika. Anasimama. Anakuja huku. Anashika pazia."

Pazia likafunguka. Nami, maikrofoni mdomoni, nikamalizia: "Na mwenye sauti ndiye huyu."