Jicho la Kulia na la Kushoto

Nilikuwa nimemaliza kushona sare za kina mama wa kanisa letu hapa Mumbuni, mmoja wao akaniuliza kwa nini nimetia uzi wa samawati iliyokolea kwenye kitambaa cheusi. Nilidhani ananitania. Nikatoka na blauzi nje, nikaigeuza juani. Kwangu uzi na kitambaa vilikuwa rangi moja. Nikalaumu miwani, maana kila kitu nilikiona kwa ukungu. Nikanunua mpya, ukungu ukabaki palepale.

Binti yangu, anayefanya kazi kiwandani Athi River, aliomba ruhusa akanipeleka hospitali. Daktari alinimulika macho yote mawili.

"Mama, uko na mtoto wa jicho."

"Basi nitolee hiyo ngozi," nikasema, maana tangu utotoni nilijua ni utando unaoota juu ya jicho.

"Si ngozi. Ndani ya jicho kuna lenzi, na yako imeingia ukungu. Tutaitoa, tuweke nyingine ya plastiki."

Plastiki ndani ya jicho? Na nikilia je? Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka.

Walianza na jicho la kulia. Nilidungwa sindano ya ganzi kando yake, nikangoja usingizi, haukuja. Nilimsikia daktari akiomba vifaa, nikaona mwanga ukitapakaa kama rangi iliyomwagika majini. Nikajiuliza kama ninauona kwa jicho lilelile wanalolipasua. Nilitaka kuuliza, lakini nilikuwa nimekatazwa kusogea.

"Tumemaliza, mama," akasema, nami nilidhani ndiyo kwanza wanaanza.

Kesho yake walinifungua bandeji. Shuka lilikuwa jeupe hadi likaniumiza. Nikaziba jicho la kulia. Shuka likawa rangi ya chai. Nikaziba la kushoto, jeupe tena.

"Mwaitu, unaonaje?" binti yangu akauliza, akiniita mama kwa Kikamba.

Nikamtazama. Alikuwa na mvi juu ya sikio.

"Hizo zimeanza lini?"

"Zamani, Mwaitu. Kila Jumapili tuko pamoja."

Jicho la kushoto lilipasuliwa baadaye, na sasa yote mawili yanakubaliana. Nashona bila taabu. Lakini nikitazama picha za harusi ya binti yangu, iliyofanyika kabla ya upasuaji, naona wasimamizi wamevaa magauni ya samawati. Mimi nayakumbuka yakiwa ya kijani. Kile kitambaa nilikichagua mwenyewe, nikakikata mwenyewe, na hadi leo nakikumbuka kijani kabisa.